Mashine inayosimama ikifika palepale

Mlango wa mninga ulikuwa umebakiza maua ya pembeni tu. Kisu kikasimama ghafla, taa nyekundu ikawaka, na kioo kikaandika kwamba kuna hitilafu ya enkoda kwenye mhimili wa X. Fundi akazima mashine, akaiwasha, ikachonga vizuri mpaka jioni. Kesho yake ikasimama tena.

Hii ni karakana ya mbao mjini Babati, na sote tuliokuwepo tuliushtaki umeme. Jirani anachomelea mageti, na mchana umeme huwa mdogo. Mwenye karakana akanunua stabilaiza. Hitilafu haikukoma.

Enkoda ndiyo jicho la mashine ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta. Nyuma ya mota kuna kisahani chenye mistari myembamba sana, tuseme 2,500. Taa ndogo humulika upande mmoja, na upande wa pili kihisi huona mwanga na giza vikipokezana. Vihisi viko viwili, A na B, kimoja kikiwa robo ya hatua nyuma ya mwenzake. Kinachotangulia ndicho kinachoiambia mashine mota inazunguka kwenda wapi. Kwa kuhesabu kingo zote za ishara hizo mbili, mzunguko mmoja hutoa hesabu 10,000. Kama skrubu husogeza kisu milimita 10 kwa mzunguko, basi kila hesabu ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Hesabu zikipotea, mashine haijui tena kisu kiko wapi, na kusimama ndiyo heshima yake kwa mbao zako.

Je, mashine ya kuchomelea inaweza kuvuruga hesabu hizo? Inaweza, hasa kama erthi ni mbovu au kinga ya waya haijaunganishwa. Lakini enkoda nyingi za viwandani zimejengwa kwa kulitarajia hilo. Kila ishara hupita kwenye nyaya mbili zilizosokotwa pamoja: volti ya mmoja ikipanda, ya wa pili hushuka. Kelele ya umeme huzigonga zote mbili kwa namna moja, na draivu, kifaa kinachoendesha mota, husoma tofauti kati yake tu, hivyo sehemu kubwa ya kelele hupotea.

Kilichotutoa gizani ni daftari la shule. Fundi alianza kuandika kila tukio: saa ngapi, mhimili gani, daraja la mashine, yaani boriti inayobeba kisu, liko wapi mezani. Ilipofika mistari 9, minane ilionyesha daraja likiwa mwisho wa meza, upande wa mlango. Miwili ilikuwa ya asubuhi, jirani hajafungua. Mchomeleaji wa watu akawa hana kosa.

Mota za X na Y zilikuwa za aina moja, kwa hiyo mafundi wakazibadilisha nafasi, kila moja na enkoda yake. Hitilafu ikabaki X. Enkoda nayo haikuwa na kosa.

Ikabaki kebo ya enkoda, ile inayopita ndani ya mnyororo wa plastiki na kujikunja kila daraja linapotembea. Hebu piga hesabu: mikunjo 10 kwa dakika ni 4,800 kwa siku ya saa 8. Kebo ya kawaida haikutengenezwa kwa mateso hayo. Nyuzi za shaba hukatika ndani, moja baada ya nyingine, huku ganda la nje likibaki zima na linalong'aa. Kebo ikinyooka, ncha zilizokatika hugusana, ikijikunja, huachana.

Umeme ukazimwa, wakasubiri draivu zimalize chaji yake, wakachomoa plagi pande zote mbili. Fundi mmoja akashika mita, mwingine akaikunja kebo polepole, sentimita kwa sentimita. Mita ikalia, ikalia, kisha ikanyamaza. Walipochana ganda pale, waya mmoja mwembamba ulivutika kama mpira, kwa sababu ndani yake hapakuwa tena na shaba ya kuuzuia.

Kwako wewe mwenye mashine inayougua na kupona yenyewe: usiagize enkoda mpya kabla ya kuandika. Weka daftari kando ya mashine leo, na kila inaposimama, andika imesimamia wapi. Enkoda ya Babati haikubadilishwa. Ilibadilishwa kebo, ikawekwa ya nyuzi laini iliyotengenezwa kwa kujikunja.