Tembe mbili, mara tatu: ‘Dawa ya macho’ isiyotiwa machoni

MWANAFUNZI wangu wa zamani anayeishi Ujerumani aliniandikia majuzi. “Mwalimu, shikamoo. Naomba unitafsirie karatasi ya dawa ya mwanangu.” Kijana ana miaka 17. Katika muda wa miezi michache alipoteza uwezo wa kuona kilicho mbele yake moja kwa moja, jicho moja kisha la pili, bila maumivu yoyote. Ni ugonjwa wa Leber, uliopewa jina la daktari Mjerumani aliyeueleza mwaka 1871. Nyanya yake ametoka Kilifi kwenda kukaa nao, na ndiye anayempa mjukuu dawa mamake anapokuwa kazini. Nyanya husoma Kiswahili tu.

Nilidhani ni kazi ya dakika kumi. Neno ‘neva’ niliamua kuliacha lilivyo, maana ningeandika ‘mshipa wa jicho’ ningemtia bibi wa pwani wasiwasi mwingine. Huko mshipa ni ngiri pia. Juu ya ukurasa nikaandika: “Dawa ya macho. Tembe mbili, kutwa mara tatu, baada ya chakula.”

Kumbe nilikuwa nimekosea mara tatu katika mstari mmoja.

Dawa yenyewe inaitwa idebenoni. Iliidhinishwa katika Umoja wa Ulaya mwaka 2015 kwa wagonjwa wa Leber wa kuanzia miaka 12, na kila tembe ina miligramu 150. Kipimo ni tembe mbili mara tatu, yaani miligramu 900 kwa siku. Humezwa nzima kwa maji, pamoja na chakula, kwa sababu chakula huusaidia mwili kuifyonza. Sasa, ‘kutwa’ kwa Mswahili ni tangu macheo hadi machweo. Nyanya alisoma kilichoandikwa: asubuhi, adhuhuri na alasiri. Chakula cha jioni nyumba ile huliwa saa mbili usiku, kwa hiyo tembe za tatu zilimezwa tumbo likiwa tupu. Na hizo za asubuhi na adhuhuri? Alingoja “chakula kishuke” kwanza, maana nilisema ‘baada ya’, sikusema ‘pamoja na’. Kosa ni langu, si lake.

Kosa la tatu ndilo lililoninyima usingizi. Katika mazungumzo yetu ya kila siku ‘dawa ya macho’ ni matone. Mgonjwa akienda kwa daktari mwingine na kuulizwa anatumia dawa gani, atajibu, “Ni ya macho tu,” na daktari ataipita. Lakini idebenoni huingia tumboni na kwenye damu, na inaweza kubadilisha kiwango cha dawa nyingine mwilini: digoksini ya moyo, dabigatrani ya kuzuia damu kuganda, na takrolimasi wanayopewa waliopandikizwa figo. Anayeandika dawa hizo lazima aisikie idebenoni kwa jina lake. Aidha, awe anajua iwapo mgonjwa ana tatizo la ini au figo.

Kuna na suala la mkojo. Dawa hii huweza kuugeuza kuwa na wekundu wa kahawia. Si damu, na haidhuru. Hata hivyo, nisingeandika “usijali” na kuishia hapo, maana rangi hiyo inaweza kuficha ugonjwa wa kweli wa figo au kibofu. Niliandika: “Rangi ikibadilika, usisimamishe dawa, mwambie daktari.”

Halafu likaja neno ‘kurithi’. Nyanya alikuwa ameshaamua kwamba ugonjwa umetoka kwa ukoo wa baba wa kijana, kwa kuwa kwake urithi hufuata baba. Kitenzi chetu hakisemi ni kwa nani. Ugonjwa wa Leber hupitia kwa mama peke yake: mama huwapitishia watoto wake wote ile hitilafu, ingawa wengi hawapofuki kamwe, na wanaume huathirika zaidi ya wanawake. Baba hampitishii mtoto yeyote. Sikupenda kumwandikia bibi wa watu sentensi hiyo, lakini niliiandika, nikaongeza kwamba hakuna aliyekosa.

Jibu lake lilikuja kwa sauti ya simu. Hakulalamika. Aliuliza juu ya binti yake mwingine aliye Malindi, ambaye mwanawe wa kiume ndiyo kwanza anaandikiwa dawa za kifua kikuu. “Nimwambie aseme nini huko hospitali, mwanangu?”

Swali lenyewe ni zito. Ethambutoli, mojawapo ya dawa hizo, inaweza kuidhuru neva ya jicho hata kwa mtu asiye na urithi huo, ilhali kifua kikuu kisipotibiwa huua. Safari hii sikuharakisha. Niliandika mistari hii aisome kama ilivyo:

“Daktari, binamu yangu, mtoto wa dada ya mama, amepoteza kuona kwa ugonjwa wa Leber, unaorithiwa kwa mama. Nami huenda ninao urithi huo. Sikatai dawa za TB. Naomba uangalie kama ethambutoli inanifaa, na macho yangu yapimwe kabla sijaanza.”