Kachero sugu wa runinga: Siri ya mvuto wake na kasoro zake

Ni usiku na mvua inanyesha jijini New York. Mwanamume aliyevalia kofia pana na koti refu anatembea peke yake kando ya barabara. Saksafoni inalia kwa huzuni, na sauti ya mwanamume huyo inamwarifu mtazamaji kwamba rafiki yake ameuawa, na kwamba yeye hatapumzika hadi muuaji apatikane.

Hata aliyewasha runinga filamu ikiwa katikati hahitaji kuelezwa anachokitazama. Huyo ni kachero sugu, mpelelezi wa kibinafsi asiye na sare, asiye na mshahara wa serikali wala mkubwa wa kumwamrisha. Wamarekani walimbandika jina linalotokana na yai lililochemshwa hadi likawa gumu mpaka kiini.

Kwa zaidi ya nusu karne, mhusika huyu amekuwa chakula cha kila siku cha filamu zinazotengenezwa mahususi kwa runinga. Anapendwa na wengi, na wahakiki nao hawachoki kumlaumu. Pande zote mbili zina haki yao, na anayetaka kujua sababu hana budi kuanzia alikozaliwa kachero huyu.

Asili yake ni majarida ya bei nafuu ya Marekani, hasa Black Mask lililoanzishwa mwaka wa 1920. Humo ndimo alimoandika Dashiell Hammett, ambaye awali alikuwa mpelelezi wa shirika la Pinkerton. Riwaya yake Red Harvest ilitoka mwaka wa 1929. Raymond Chandler alifuata na The Big Sleep mwaka wa 1939, naye Mickey Spillane akamleta kachero Mike Hammer katika I, the Jury ya mwaka wa 1947.

Msomaji wa Kiswahili aliyepitia Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka wa 1960, atamkumbuka Bwana Msa na kiko chake. Bwana Msa, kama Sherlock Holmes, hushinda kwa kutafakari. Anapomaliza kueleza fumbo, mambo hurejea katika utaratibu wake.

Kachero sugu ni wa ukoo mwingine. Yeye hufumbua fumbo kwa kuingia gizani, akapigwa, akadanganywa na mteja wake mwenyewe na kugundua kuwa uozo wa jiji umefika hadi kwa meya na mkuu wa polisi. Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyejitokeza katika Kufa na Kupona mwaka wa 1974, yuko karibu naye zaidi, ingawa Gamba ni mtumishi wa serikali.

Jambo la kuzingatia ni kwamba, katika riwaya bora za aina hii, ugumu wa kachero una gharama. Msimulizi wa Red Harvest anaingia katika mji uliooza ili kuusafisha, na kadiri maiti zinavyoongezeka ndivyo anavyoingiwa na hofu kuwa yeye mwenyewe ameanza kuonja utamu wa kuua. Hofu hiyo ndiyo roho ya hadithi.

Filamu za runinga nazo zilianza Marekani katika miaka ya sitini. See How They Run, iliyoonyeshwa na NBC mwaka wa 1964, huhesabiwa kuwa ya kwanza. Mwaka wa 1969 kituo cha ABC kilitenga saa moja na nusu kila wiki kwa filamu mpya. Ukiondoa matangazo ya biashara, filamu yenyewe ilibakiwa na takriban dakika 75.

Vituo viligundua kuwa kachero anafaa sana kwa mpango huo. Hahitaji majeshi, farasi wala mavazi ya kifalme. Ofisi moja, gari moja, baa na kichochoro chenye giza vinatosha. Isitoshe, filamu ikipokewa vizuri hugeuzwa kuwa kipindi cha kila wiki.

Ndivyo ilivyokuwa kwa The Rockford Files, filamu iliyoonyeshwa na NBC Machi 1974 kabla ya kuwa kipindi. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Mike Hammer wa mwigizaji Stacy Keach, aliyeletwa na CBS katika filamu Murder Me, Murder You mwaka wa 1983, ikafuatwa na More Than Murder na kipindi cha kila wiki mapema mwaka wa 1984.

Kipindi hicho kilikatizwa Keach alipokamatwa London mwaka huo huo akiwa na kokeni na kufungwa jela. Aliporejea, filamu nyingine ya runinga, The Return of Mickey Spillane's Mike Hammer ya mwaka wa 1986, ndiyo iliyotumiwa kumfufua kachero wake. Nyingine, Murder Takes All, ilifuata mwaka wa 1989.

Mvuto wa filamu hizo unaanzia kwenye sauti. Kachero husimulia kisa chake mwenyewe, kwa kejeli na kwa ufupi, kana kwamba ameketi na mtazamaji sebuleni. Katika runinga, chombo kinachokaa ndani ya nyumba, sauti hiyo huleta ukaribu ambao hata sinema kubwa huukosa. Muziki nao hukamilisha kazi: kibao Harlem Nocturne, alichokitunga Earle Hagen mwaka wa 1939, kilitosha kumtambulisha Hammer wa Keach kabla hajatamka neno.

Mvuto wa pili ni haki ya mnyonge. Wateja wa kachero huyu mara nyingi ni watu waliokwishafukuzwa katika ofisi nyingine zote: mjane, mfungwa wa zamani au mzazi ambaye mtoto wake ametoweka na polisi wamefunga faili. Mtu yeyote aliyewahi kuzungushwa kutoka dirisha moja hadi jingine katika ofisi ya umma anaelewa raha ya kumwona mtu mmoja akikataa kuambiwa arudi kesho.

Tatu, kuna ucheshi na udhaifu wa kibinadamu. Jim Rockford, aliyeigizwa na James Garner, anaishi katika nyumba ya magurudumu kando ya bahari. Aliwahi kufungwa kwa kosa ambalo hakulitenda. Anatoza dola 200 kwa siku pamoja na gharama, na mara nyingi halipwi. Mtazamaji mwenye madeni yake hukosaje kumpenda?

Hata hivyo, masharti yaleyale yaliyompa kachero makao katika runinga ndiyo yaliyompunguzia uzito.

Sharti la kwanza ni saa. Filamu ya runinga hukatwa vipande na matangazo, na kila kipande sharti kiishe kwa mshtuko ili mtazamaji asihamie kituo kingine. Hivyo basi bastola hutolewa na mlango huvunjwa kwa sababu wakati wa tangazo umefika, hata kama kisa hakijafikia hapo. Uchunguzi wenyewe, kazi ya polepole ya kuuliza, kungoja na kukosea, hukosa nafasi.

Pengo hilo huzibwa kwa sauti ya msimulizi. Ile sauti iliyokuwa fahari ya riwaya hugeuzwa kibarua cha kueleza yale ambayo picha haikuyaonyesha, na kumkumbusha aliyekwenda jikoni nani amemuua nani. Mtu akifumba macho na bado akaielewa filamu yote, hapo kuna kasoro.

Sharti la pili ni kwamba shujaa lazima arudi. Filamu iliyokusudiwa kuzaa kipindi haiwezi kumvunja mhusika wake. Kachero hugongwa kichwani kwa kitako cha bunduki, na katika tukio linalofuata kofia imekaa sawa. Rafiki yake wa miaka mingi huuawa mwanzoni mwa filamu, na kufikia mwisho jina lake limesahaulika.

Tofauti huonekana wazi filamu hizo zikiwekwa kando ya zile za majumba ya sinema. Katika Chinatown ya mwaka wa 1974, kachero Gittes hukatwa pua kwa kisu, na mwigizaji Jack Nicholson hutembea na bendeji usoni kwa sehemu kubwa ya filamu. Mwishowe Gittes anaujua ukweli wote, na haumsaidii kuwaokoa aliotaka kuwaokoa.

Mike Hammer naye aliwahi kutazamwa kwa jicho kali. Mwelekezi Robert Aldrich, katika Kiss Me Deadly ya mwaka wa 1955, alimchora kama mtu katili na mwenye tamaa, anayekisaka kisanduku bila kujua kuwa ndani mna nguvu za kinyuklia za kuangamiza. Aldrich aliuliza Hammer ni mtu wa aina gani. Filamu za CBS zilimfanya mjomba mchangamfu mwenye bastola iitwayo Betsy.

Aidha, wanawake wamedhulumiwa katika uhamisho huo. Velda, katibu wa Hammer, ana leseni yake ya upelelezi na silaha yake katika riwaya za Spillane. Katika runinga, kazi yake kubwa huwa ni kupokea simu na kumngoja bosi. Wanawake wengine hupita mbele ya kamera kama mapambo, shujaa akigeuza shingo kuwatazama.

Kasoro nzito kuliko zote inahusu sheria. Katika riwaya ya mwaka wa 1947, Hammer huapa kuwa yeye mwenyewe ndiye atakayemhukumu na kumwadhibu muuaji, na msomaji huachwa na damu mikononi pamoja naye. Runinga ilipunguza damu ili isiwachukize wenye matangazo, ikauacha ujumbe: kwamba kumpiga mshukiwa ni njia ya mkato ya kuupata ukweli, na kwamba anayedai kibali cha mahakama ni kikwazo.

Katika filamu, aliyepigwa daima husema kweli. Nje ya filamu, aliyepigwa husema lolote litakalozuia kofi la pili. Ndiyo maana Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 inakataza mtu aliyekamatwa kulazimishwa kukiri, na Kifungu cha 50 kinaagiza ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki utupiliwe mbali iwapo utaharibu usawa wa kesi. Nchi ambayo raia wake wameteswa seluni haina sababu ya kuliona jambo hili kuwa burudani tupu.

Je, filamu ya runinga haiwezi kufanya vyema zaidi? Inaweza. Kuanzia Stone Cold ya mwaka wa 2005, CBS ilionyesha filamu nane ambazo Tom Selleck aliigiza Jesse Stone, mhusika wa mwandishi Robert B. Parker. Stone ni mkuu wa polisi katika mji mdogo, aliyefukuzwa kazi Los Angeles kwa sababu ya ulevi.

Filamu hizo zinakwenda taratibu. Stone hukaa kimya na mbwa wake, hupigiwa simu na mke waliyetalikiana, na huitazama chupa akijua itakavyomgharimu. Majeraha ya filamu moja huhamia katika ile inayofuata. CBS iliachana nazo baada ya ile ya mwaka wa 2012, na ya tisa ikaonyeshwa kwenye kituo kingine mwaka wa 2015. Zilithibitisha kuwa bajeti ndogo na kioo kidogo si kisingizio.

Kwa hivyo, mtazamaji anayependa makachero sugu hana haja ya kuona haya. Anachopenda, yaani mtu mmoja asiyeuzika katika jiji linalouzwa, ni kitu chema. Lakini ana kipimo chepesi cha kutenganisha pumba na mchele: na atazame jeraha. Kachero akipigwa leo, je, kesho anachechemea? Akiua, analala usingizi? Ikiwa hakuna kilichomuuma kuanzia mwanzo hadi mwisho, basi kilichosalia ni kofia na koti.