Gitaa la Kwaya Halina Mwenyewe Mmoja

Rumonge, Burundi, ina kalenda mbili. Moja hutundikwa ukutani, nyingine iko juu angani. Wavuvi wa ndagala huingia Ziwa Tanganyika usiku na taa za kuvutia samaki, na mwezi ukipevuka taa hizo hazifui dafu. Kwa siku kadhaa nyavu hubaki nchi kavu, mitumbwi hulala mchangani, na vijana waliokuwa wakisinzia ibadani kwa uchovu huonekana tena mazoezini. Kwaya yenye mpiga besi mvuvi haihitaji kuelezwa hilo. Kwa hiyo kazi yoyote nzito ya vyombo, ikiwemo kulifungua gitaa na kulibadilishia pikapu, yaani vinasa sauti vya nyuzi, ni vizuri isubiri mwezi mpevu, wakati wenye masikio wote wako nyumbani.

Nasema wenye masikio wote kwa sababu ndivyo mambo yanavyokwenda katika mwambao huu, kuanzia Kabezi, Magara na Minago hadi Rumonge na Nyanza-Lac. Vijana wachache sana wana gitaa la umeme la kwao wenyewe. Gitaa ni la kwaya. Limenunuliwa kwa mchango, na mchango hutoka palipo na fedha: kwenye mawese, kwenye ndagala, kwenye duka la mtu, kwenye mshahara wa mwalimu. Mweka hazina ana daftari, mtunza vyombo ana ufunguo wa kabati, na mpigaji ana vidole vyake tu. Anayetaka kubadilisha sauti ya gitaa hilo anagusa mali ya watu wengi, na lazima awaulize.

Hata kulifikia gitaa lenyewe kuna ngazi zake. Kijana huanza kwa kubeba spika na kukunja waya. Akionekana ana subira hupewa besi, au ridhimu, baadaye mi-solo, yaani gitaa linalozungumza katikati ya ridhimu na solo. Solo huja mwisho. Mtoto aliyeshika solo kabla hajajua kukunja waya bila kuupinda huonekana hakulelewa, hata kama vidole vyake ni vyepesi kama nini.

Sauti ambayo wapigaji hawa wanaitafuta ilifika hapa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ziwa lenyewe. Ng'ambo kuna Baraka na nchi ya Fizi, kaskazini kidogo kuna Uvira, na huko kote rumba ya Kongo ilikuwa ikisikika redioni na kwenye santuri tangu enzi za wapiga gitaa Franco na Docteur Nico. Sebene, ile sehemu ya wimbo ambapo maneno hunyamaza na magitaa hukimbizana, ilivuka maji bila pasipoti na kuingia kanisani. Njia ya pili ilikuwa chungu. Mwishoni mwa Aprili 1972 maasi yalianza Rumonge na Nyanza-Lac, na mauaji yaliyofuata nchini yaliwafanya watu wengi mno wakimbilie Tanzania. Walipangiwa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Huko barabara zilipewa namba, na Kwaya ya Ulyankulu Barabara ya 13 ikaibeba namba hiyo mpaka ikajulikana Afrika Mashariki nzima kwa nyimbo zake za Kiswahili na magitaa yake. Waliorejea Burundi baada ya miongo walikuta mashamba yao yana watu wengine, na kesi za mashamba hayo bado zinauma. Walirudi pia na namna yao ya kuimba. Anayesikiliza kwaya za Rumonge kwa makini atazisikia njia zote mbili ndani ya wimbo mmoja.

Waislamu wa mji huu, ambao Kiswahili chao kilikuja na biashara ya Ujiji tangu karne ya 19, hawana haja na gitaa katika maulidi; kasida na dufu zinawatosha. Ila linapoharibika gitaa la kanisa, fundi redio haulizwi dini. Huulizwa kama mkono wake unatetemeka anaposhika chuma cha kulehemu.

Sasa tuje kwenye kero inayofanya gitaa lifunguliwe, yaani mngurumo. Magitaa mengi yanayofika huku ni ya bei nafuu, yametengenezwa China kwa umbo la gitaa maarufu la Stratocaster, na yana pikapu tatu nyembamba. Pikapu (wapigaji wenye Kifaransa husema mikro) ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko elfu kadhaa. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya na kwenda kwenye amplifaya. Bahati mbaya waya huo hauchagui. Unapokea uzi, na unapokea pia umeme wa nyumba, ambao nchini Burundi hupigapiga mara 50 kwa sekunde, pamoja na takataka za jenereta, chaja za simu na taa rahisi za LED. Matokeo yake ni mngurumo unaojaza kanisa kila mchungaji anaponyamaza ili watu waombe. Ni aibu ya pamoja: kanisa zima humgeukia mpigaji.

Dawa yake ilipatikana Marekani. Seth Lover, fundi wa kampuni ya Gibson, aliomba hataza mwaka 1955 kwa pikapu yenye koili mbili pacha. Sumaku zimegeuziana pande, na waya umezungushwa kwa namna ya kupingana. Sauti ya uzi hujumlishwa, mngurumo wa umeme hujiua wenyewe. Magitaa yenye pikapu hiyo yaliingia sokoni mwaka 1957, na mpaka leo wapigaji huiita hambaka.

Wapo wazee wanaosema haya ni mambo ya wazungu, na kijana asipekue tumbo la chombo. Nawajibu kwa mfano wa Kinshasa. Mawangu Mingiedi na kundi lake la Konono N°1 walitaka likembe, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, ndugu wa ikembe yetu ya Burundi, isikike katikati ya kelele za jiji. Walijitengenezea pikapu wenyewe kwa sumaku zilizotolewa kwenye vyuma chakavu vya magari. Albamu yao ya mwaka 2004, Congotronics, ilisikilizwa duniani kote. Kupekua tumbo la chombo ni jambo letu pia.

Kabla ya kununua chochote, hata hivyo, gitaa linapaswa kufunguliwa na kukaguliwa. Malalamiko mengi yanayotupiwa pikapu ni ya jeki iliyolegea, swichi iliyoingia kutu kwa unyevu wa ziwa, au waya wa athi uliochomoka chini ya brigi, kile kidaraja kinachobeba nyuzi. Jaribio ni rahisi: shika nyuzi kwa mkono. Mngurumo ukipungua, athi ipo. Usipobadilika kabisa, huenda waya umekatika, na kulehemu mara moja kutaokoa mchango wa watu. Pikapu yenyewe hupimwa kwa mita. Ikisoma kilo-omu 5 hadi 9 kwa kawaida ni nzima. Isiposoma kitu, waya wake umekatika ndani. Wengine huipeleka kwa mafundi wa kusuka mota. Hao ni hodari, lakini waya wao ni mnene mno kwa kazi hii.

Pikapu ikipiga filimbi kila sauti inapopandishwa, mara nyingi tatizo ni koili iliyolegea, na hapo kuna tiba ya nyumbani: nta ya mshumaa iliyochanganywa na nta kidogo ya nyuki, iyeyushwe katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kisha pikapu izamishwe mpaka viputo vikome. Kopo lisiwekwe juu ya moto moja kwa moja. Plastiki itapinda na nta inaweza kushika moto.

Kama bado inabidi kubadilisha, kikao huitishwa, na mabishano yake hayatofautiani sana kutoka kanisa moja hadi jingine. Vijana wameona kwenye simu zao pikapu za kupigia roki, zenye nguvu kubwa, na wanataka hizo. Akina mama wa sauti ya kwanza wanataka maneno yasikike. Mimi niko upande wa akina mama, na sababu yangu ni ya kifundi. Pikapu yenye nguvu nyingi, ile inayosoma kilo-omu 14 na kuendelea, huisukuma amplifaya ndogo mpaka ikwaruze, na noti zilizo karibu karibu huungana kuwa uji. Sebene haivumilii uji. Kila noti yake inataka kusimama peke yake, iwe safi na ing'ae kidogo. Solo huipata sauti hiyo kwenye pikapu ya nyuma, karibu na brigi. Ridhimu hupata utamu wake kwenye ile ya shingoni. Kwa kwaya nyingi inatosha kununua hambaka nyembamba mbili zenye nguvu ya wastani, zile zilizotengenezwa ziingie kwenye tundu la pikapu ya koili moja, na kuiacha ya katikati ilivyo. Ubao hautachongwa, na hela itakayobaki inunue nyuzi.

Hambaka hupenda volyumu ya kilo-omu 500, wakati pikapu za koili moja huja na ya 250. Ukiiacha ile ya zamani sauti itapoa kidogo. Katika kanisa la bati, ambako kila kitu hulia kwa ukali, kupoa huko ni neema.

Kazi ya kufunga haina maajabu. Nyuzi hulegezwa na kutolewa, simu hupiga picha ya waya zote kabla hazijaguswa, kisha chuma cha moto hugusa na kuondoka haraka, kwa kuwa swichi za plastiki huyeyuka. Pikapu mpya ikipigwa pamoja na jirani yake na sauti ikawa nyembamba kama ya simu, koili zinapingana: badilisha nafasi za waya zake mbili. Ikiwa pikapu ina waya nne za rangi, fuata karatasi ya mtengenezaji, maana rangi za kampuni moja hazifanani na za nyingine. Mwisho ni urefu. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, acha nafasi ya milimita mbili hadi tatu. Sumaku ikiwa karibu mno huvuta uzi, na gitaa halitashika sauti sawasawa hata ulitune siku nzima.

Hapo ndipo kwaya huingia. Gitaa hupigwa kwa sauti ya ibada, waimbaji wakiwa mahali pao, na fundi hukaa nyuma kabisa mlangoni, wanakokaa wazee wasiosikia vizuri. Wakikunja uso, bisibisi inarudi kazini. Wakiridhika, chombo huwekwa wakfu Jumapili, na harusi ya kwanza itakayofuata ndiyo itakayokipima, kwa sababu huko uani hakuna kuta za kusaidia sauti na umeme hutoka kwenye jenereta ya kukodi. Nitahadharishe hapa: gitaa na maikrofoni viunganishwe kwenye chanzo kimoja chenye athi. Mpigaji anayeimba, akigusa maikrofoni kwa midomo huku vidole viko kwenye nyuzi, anaweza kupigwa shoti mbaya sana.

Kwa kwaya inayopanga kuagiza pikapu kutoka Bujumbura, Kigoma au Dar es Salaam: pimeni kwanza tundu la gitaa, urefu na upana, na umbali kati ya uzi wa kwanza na wa sita pale juu ya pikapu. Andikeni vipimo kwa milimita, pigeni picha, mmpe mkononi anayesafiri. Mzigo wa kutoka Tanzania ukishavuka mpaka wa Mugina, hakuna atakayeurudisha.