Tabora, mji wa kusubiri

Wageni wengi wakishuka stesheni ya Tabora huuliza kwanza njia ya Kwihara, wakaone tembe la Livingstone. Mimi huwaambia wale kwanza. Nimezaliwa Ng'ambo, nimekulia kati ya reli na soko, na kwa maoni yangu mji huu unajulikana vizuri zaidi kwenye benchi la mama lishe kuliko kwenye jengo lolote.

Sababu iko kwenye reli yenyewe. Njia inayotoka Dar es Salaam ikifika hapa inagawanyika: moja inaelekea magharibi hadi Kigoma, nyingine inapanda kaskazini hadi Mwanza, na ile ya Kigoma ikifika Kaliua inatoa tawi la Mpanda. Mabehewa hukatwa, yakapangwa upya, na muda wote huo abiria wanasubiri. Reli iliingia mwaka 1912, enzi ya Wajerumani, lakini kusubiri kulikuwapo kabla yake. Misafara ya pembe kutoka Bagamoyo nayo iligawanyika papa hapa, huu wa Ujiji, ule wa Karagwe na Buganda. Wapagazi wa pwani walilipwa chao, wakatafutwa wengine wa kuendelea na safari, kila mmoja na mzigo wake wa kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu. Burton na Speke walipoingia Novemba 1857, Kazeh kama walivyopaita, ilibidi nao wangoje. Livingstone naye, baada ya Stanley kuondoka Machi 1872, alibaki Kwihara hadi Agosti akisubiri wapagazi watoke pwani. Kwa hiyo ukienda kwenye lile tembe, kumbuka kwamba kwa miezi hiyo lilikuwa chumba cha abiria aliyekwama.

Anayesubiri hula. Mama lishe wa upande wa stesheni wanaijua treni kuliko ratiba iliyobandikwa ukutani. Wakisikia imechelewa, maharage yanaongezwa maji na mchele unabaki kwenye ungo. Wali maharage utaupata popote Tanzania, basi usijisumbue nao. Agiza ugali na dagaa wa Kigoma, au mgebuka wa kukaanga, samaki waliotoka Ziwa Tanganyika kwa reli hiyohiyo. Kama kuna mlenda uliotiwa karanga, usiuogope kwa kuwa unavutika. Na salamu isikupite: "Mwangaluka, mayo," ukiitamka asubuhi hata kwa lafudhi ya Dar es Salaam, kipande cha samaki kinakua kidogo.

Toka hapo uende Soko Kuu, na usikimbilie vitambaa. Tafuta asali. Tabora imezungukwa na misitu ya miombo, na warina asali wake bado wengi hutundika mizinga ya magogo na magome juu ya miti. Rangi hubadilika kufuata maua ya msimu, kwa hiyo nyeusi si mbovu na nyeupe si bora. Wanunuzi wana majaribio yao, wengine huchovya njiti ya kiberiti waone kama itawaka, wengine hukataa chupa iliyoganda chini wakidai imetiwa sukari. Hilo la kuganda ni uonevu mtupu, maana asali halisi huganda yenyewe, hasa ikipoa. Ukiona chupa ndogo ya asali nyepesi yenye uchachu, na bei imepanda, hiyo ni ya nyuki wadogo wasiouma. Watu huinunua kama dawa ya kifua. Pembeni kuna michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa, na matobolwa, ambavyo huchemshwa kwanza. Vyote viwili ni chakula cha safari, havina haja ya friji wala haraka. Masika kuna uyoga wa porini barabarani, na hapo mfuko wangu hupungua bila kujitetea.

Wazee wa mji watakuonyesha boma la Wajerumani na miembe ambayo inasimuliwa ilitokana na kokwa za watu wa misafara. Sawa. Lakini waulize pia kuhusu Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, bendi zilizoufanya mji huu usikike nchi nzima, uone jinsi nyuso zinavyobadilika. Nashangaa hakuna kibao hata kimoja nilichokiona cha kuwakumbuka.

Sasa reli ya kisasa, SGR, inajengwa kuja huku, na nia yake ni kufupisha huko kusubiri. Siipingi, kwani nami nimewahi kulala juu ya mabegi. Ila wanaochora stesheni mpya wangetenga mahali pa majiko na mabenchi, karibu na lango, kwa kodi ambayo muuza dagaa anaimudu. Duka la soda na biskuti ndani ya ukumbi wa vioo halitoshi.