FEDHA ZA DHAHABU HUINGIA MFUKO GANI?



Mkutano wetu wa mwisho wa Wete ulipokwisha, na watu wakingojea chai, mzee mmoja aliye na kijana wake fundi huko Kahama aliuliza suali ambalo halikuwamo katika ajenda. Alisema: "Kila nikifungua redio naambiwa dhahabu imepanda bei. Sisi karafuu ikipanda bei, fedha twaziona, na zikimalizika twajua zimemalizikia wapi. Je, hizo za dhahabu huwekwa wapi?" Wako waliocheka, lakini hapana hata mmoja aliyeweza kumjibu. Basi gazeti hili likapewa kazi ya kulitafuta jibu, nasi twalitoa hapa kwa kadiri tulivyoweza, tukitumaini kwamba hata msomaji ambaye hajavuka bahari ataweza kulifuata.

Kwanza yafaa kujua mahali penyewe. Nchi inayosemwa iko kusini ya Ziwa Viktoria. Shinyanga ni mkoa wa zamani, na ndani yake kuna Mwadui yenye almasi, na Kahama ambako yako machimbo ya dhahabu ya Bulyanhulu na Buzwagi. Geita ilikuwa wilaya ya Mwanza mpaka mwaka 2012, ulipofanywa mkoa peke yake. Ni nchi ya Wasukuma, ya pamba na ng'ombe, na mvua yake si ya kutegemea kama yetu Pemba.

Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940 na Bwana John Williamson, Mkanada. Alipofariki mwaka 1958 mgodi uliuzwa, nusu kwa kampuni ya De Beers na nusu kwa Serikali ya Tanganyika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Serikali iliuchukua wote. Mwaka 1994 De Beers walirudi wakashika asilimia 75, na Serikali ikabaki na 25. Baadaye walikuja wenye kampuni ya Petra, na katika makubaliano ya mwaka 2021 sehemu ya Serikali ikatajwa kuwa asilimia 37. Twayaeleza haya ili msomaji aone kwamba mgodi mmoja unaweza kubadilisha wenyewe mara nyingi, lakini shimo ni lile lile, na linazidi kwenda chini. Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi huo ulipasuka, na tope likafunika mashamba na nyumba za jirani. Hilo nalo ni katika hesabu, ingawa haliandikwi katika daftari la mapato.

Geita nayo ina kisa chake. Dhahabu ilichimbwa huko tangu miaka ya 1930, na mwaka 1966 mgodi ukafungwa. Kwa muda wa zaidi ya miaka thelathini hapakuwa na mgodi mkubwa, mpaka mwaka 2000 ulipofunguliwa huu wa sasa. Buzwagi ulifunguliwa mwaka 2009, na mwaka 2021 kazi ya kuchimba ikawa imekwisha. Miaka kumi na miwili! Mkarafuu ukipandwa leo, kwa miaka kumi na miwili ndiyo kwanza unaanza kumlipa mwenyewe.

Hapa ndipo penye tofauti kubwa baina ya karafuu na dhahabu, nasi twaomba msomaji asiipite upesi. Mkarafuu ukichumwa leo, utazaa tena. Huenda mwaka ujao ukazaa kidogo, kisha ukatupa msimu mkubwa baada ya miaka michache, lakini mti upo. Wakia ya dhahabu ikitolewa Geita haizai wakia nyingine. Kwa hiyo anayeuza dhahabu hauzi mazao ya shamba. Anauza shamba lenyewe, kipande kwa kipande. Mtu akiuza shamba, fedha akazinunulia samli na kanzu, majirani humtazama kwa namna yao. Akinunua shamba jingine, au akamsomesha mwanawe, hapo maneno huwa mengine.

Sasa, Serikali hupata nini katika dhahabu hiyo? Hupata kodi za namna nyingi, lakini lililo wazi kuliko yote ni mrabaha, yaani sehemu ya thamani ya madini ambayo mwenye mgodi humlipa mwenye nchi, apate faida asipate. Kwa sheria ya mwaka 1998 mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3, tena baada ya gharama fulani kutolewa. Kwa sheria ya mwaka 2010 ukawa asilimia 4 ya thamani yote. Kwa mabadiliko ya Julai 2017 ukawa asilimia 6, ikaongezwa na ada ya ukaguzi asilimia 1. Hivyo, dhahabu ya shilingi 100 iliyokuwa ikileta shilingi 3 zisizotimia, ikawa yaleta shilingi 7. Tena kwa sheria hiyo ya 2017 Serikali hupata hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa bila ya kuzilipia.

Mageuzi haya hayakuja kwa upole. Agosti 2007 Bwana Zitto Kabwe, aliyekuwa Mbunge wa Kigoma Kaskazini, alisimama Bungeni akataka iundwe kamati ya kuchunguza mkataba wa Buzwagi, ambao Waziri alitia saini London badala ya nyumbani. Kilichotokea ni kwamba Mbunge huyo ndiye aliyesimamishwa. Lakini suali halikusimama pamoja naye. Kabla ya mwaka kwisha Rais Kikwete aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani, na taarifa yake ndiyo iliyosaidia kuleta sheria ya mwaka 2010.

Machi 2017 Serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia, ule mchanga wenye madini kutoka Bulyanhulu na Buzwagi, na makontena 277 yakazuiliwa katika bandari ya Dar es Salaam. Kamati mbili za wataalamu ziliundwa, kampuni ikadaiwa kodi ya kiasi cha dola bilioni 190, nayo ikakataa. Katika mvutano huo Bulyanhulu ilipunguza kazi, na watu wengi wa Kahama wakarudi majumbani bila ya mshahara. Mwisho wake yalikuwa makubaliano ya kulipwa dola milioni 300, na kuundwa kwa kampuni ya Twiga, ambamo Serikali ina asilimia 16 na faida za uchumi zagawanywa nusu kwa nusu. Wako wasemao kuwa huo ni ushindi, na wako wanaoshika kidole kutoka 190 bilioni mpaka milioni 300 na kutikisa kichwa. Sisi twaona kwamba deni la kwanza halikuwa la kulipika, na kwamba hisa na sheria ndizo zilizokuwa faida ya kweli.

Twarudi kwa suali la mzee wetu. Fedha zikishapatikana, huingia mfuko gani?

Jibu ni kwamba fedha za dhahabu huingia katika Mfuko Mkuu wa Hazina, pamoja na ushuru wa sukari, kodi ya mishahara na nyinginezo. Hapana chungu chake peke yake. Kila Juni Bunge hupitisha bajeti, na fedha zote hugawiwa kwa pamoja. Shilingi iliyotoka Geita haina alama. Huenda ikalipa mshahara wa karani, huenda ikalipa deni, huenda ikajenga daraja.

Lakini kwa mafuta na gesi sheria ni nyingine, na wengi hawalijui hili. Julai 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Usimamizi wa Mapato ya Mafuta na Gesi, ambayo imeweka Mfuko maalumu ulio chini ya Benki Kuu, wenye hesabu mbili: moja ya kupokelea na moja ya akiba. Kila mwaka bajeti hupelekewa kiasi cha asilimia 3 ya pato la taifa kutoka humo, na katika hizo si chini ya asilimia 60 zitumike kwa maendeleo. Kinachozidi huenda katika akiba. Hii ni kama mtu aliyejiwekea sharti kwamba katika mauzo ya msimu mkubwa atatumia pishi kadhaa tu, na magunia yaliyobaki funguo zake atampa mtu mwingine.

Sheria hiyo ilipita kwa hati ya dharura, pamoja na mbili nyingine za mafuta na uwazi, katika siku za mwisho za Bunge lile kabla ya uchaguzi wa Oktoba. Serikali ilisema nchi haiwezi kungojea. Wabunge wa upinzani walisema jambo la vizazi halifai kupitishwa kwa siku chache. Zikatokea kelele, na wengi wao wakatolewa nje na Spika Makinda. Ni ajabu kidogo kwamba sheria ya kuwafundisha watu subira ilikosa subira yenyewe. Hata hivyo twaisifu kwa yaliyomo. Kasoro yake ni kwamba ile gesi kubwa ya bahari kuu ya Lindi na Mtwara, iliyoanza kugunduliwa mwaka 2010, bado haijaanza kuuzwa. Kwa hiyo sanduku limechongwa na kufuli limetiwa kabla ya mali, na dhahabu, ambayo mali yake ipo, haina sanduku.

Je, dhahabu nayo iwekewe? Hapa watu wenye akili hawakubaliani, na kila upande una hoja.

Wasemao hapana huuliza: waweka akiba gani nawe una deni? Nchi inayokopa kwa riba kubwa na kuweka fedha benki kwa riba ndogo ni kama mkulima anayeficha noti chini ya godoro na huku dukani kwa tajiri daftari lake lazidi kujaa. Tena husema mtoto wa Geita asiye na dawati leo hawezi kukalia akiba ya mwaka 2050. Na kiasi chenyewe si kikubwa kama watu wadhaniavyo. Mwaka 2024/25 makusanyo ya Tume ya Madini, yaani mrabaha na ada, yalivuka shilingi trilioni 1. Bajeti ya mwaka huo ilikuwa trilioni 49 na zaidi. Ni kama shilingi 2 katika 100, kabla ya kuhesabu kodi nyingine za migodi.

Wasemao ndiyo huonyesha Botswana, iliyoanzisha Mfuko wa Pula mwaka 1994 kwa fedha za almasi, na Norway, ambayo ilitunga sheria ya mfuko wake mwaka 1990 na leo ina mfuko wa akiba wa namna hiyo mkubwa kuliko wa nchi yoyote. Lakini hata Botswana, almasi ilipokosa wanunuzi mwaka 2024, ililazimika kubana matumizi, na akiba yake ikapungua sana. Mfuko si hirizi.

Sisi wa karafuu hatuhitaji kwenda Botswana kutafuta mfano. Katika miaka ya 1970 karafuu ilikuwa na bei isiyopata kuonekana. Zanzibar ilikuwa na fedha za kigeni. Majumba ya Michenzani yakajengwa, televisheni ya rangi ikaja kabla ya nchi nyingi za Afrika. Kisha Indonesia, mnunuzi wetu mkubwa kwa ajili ya sigara zake, ikapanda mikarafuu yake mwenyewe ikajitosheleza, na miaka ya 1980 bei ikaanguka. Wenye umri wetu wanakumbuka foleni za mchele. Majumba yapo mpaka leo, hatusemi kuwa fedha zote zilipotea. Twasema tu kwamba siku ya kuanguka bei hapakuwa na cha kuegemea.

Kwa hiyo rai yetu, nayo ni rai tu, ni kwamba hata kama haiwekwi akiba kubwa, fedha za madini zingeandikwa katika hesabu yake peke yake, ili Mbunge wa Geita aweze kusimama mwezi wa Juni akauliza: ziliingia ngapi, zilijenga nini? Kwa miaka mingi halmashauri za huko zililipwa dola 200,000 kwa mwaka kwa mikataba ya zamani, wakati sheria ya serikali za mitaa ilitaja asilimia 0.3 ya mauzo. Madiwani waliidai hiyo asilimia mpaka wakaipata, na waliweza kudai kwa sababu kiasi kilijulikana.

Jambo moja limekwisha fanywa linalofanana na akiba. Tangu Oktoba 2024 wachimbaji na wafanya biashara wa dhahabu hutakiwa watenge si chini ya asilimia 20 isafishwe humu nchini na kuuzwa kwa Benki Kuu, nayo huiweka dhahabu yenyewe. Mwaka 2025 bei ilipovuka dola 4,000 kwa wakia, waliokuwa na dhahabu ghalani hawakujuta. Lakini hiyo ni akiba ya kulinda shilingi. Si fungu la kujengea skuli.

Mwisho, mwanachama wa Micheweni ameuliza kama Mfuko ule wa 2015 utachukua mafuta yakipatikana Pemba. Hautachukua. Sheria yenyewe yasema mapato ya mafuta na gesi ya Zanzibar yatasimamiwa kwa sheria za Zanzibar. Baraza la Wawakilishi lilipitisha sheria ya utafutaji na uchimbaji mwaka 2016, na Oktoba 2018 ulitiwa saini mkataba na kampuni ya RAK Gas kwa kitalu cha Pemba na Unguja. Mafuta bado hayajatoka. Wanachama wanaotaka kujua zaidi wawaulize Wawakilishi wao, na majibu watakayopewa wamletee Katibu, kabla ya majamvi ya vuli hayajatandikwa, kwani baada ya hapo hapana atakayekuwa na nafasi ya kuandika.