Msamiati Usio na Mwenyewe: Nafasi ya Kiswahili katika Kufundisha Maneno ya Kitaaluma ya Kiingereza Kidato cha Kwanza

Ikisiri

Mwanafunzi wa Tanzania anayetoka shule ya msingi ya serikali hukutana kidato cha kwanza na Kiingereza ambacho si cha mazungumzo wala si cha istilahi tupu. Makala haya yanaeleza tabaka la maneno lililo kati ya hayo mawili, namna linavyoachwa bila kufundishwa, na mahali ambapo sarufi na msamiati wa Kiswahili vinaweza kutumika kulifundisha. Mifano imetolewa katika vitenzi vya maswali, unominishaji na viunganishi.

1.0 Utangulizi

Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania, ilhali Kiingereza kimeendelea kutumika sekondari na vyuoni. Tume ya Rais ya Elimu, maarufu kama Tume ya Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika sekondari pia. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Muda mfupi baadaye ripoti ya Criper na Dodd (1984) ilionesha kuwa wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kuwawezesha kujifunza masomo mengine kwa lugha hiyo. Tangu hapo mjadala wa lugha ya kufundishia haujakoma, na haukusudiwi kurudiwa hapa.

Linalochunguzwa ni dogo zaidi. Wakati mjadala ukiendelea, kila mwaka kundi jipya la wanafunzi huingia kidato cha kwanza, na ndani ya wiki chache hutakiwa kusoma kitabu cha Biolojia, Jiografia na Historia kwa Kiingereza. Maneno yapi hasa ndiyo yanayowazuia? Jibu linalotolewa mara nyingi ni istilahi. Jibu hilo halitoshelezi.

2.0 Tabaka la kati

Beck, McKeown na Kucan (2002) wanagawa msamiati wa shule katika matabaka matatu. La kwanza ni la maneno ya kila siku. La tatu ni la istilahi za somo moja moja. La pili, ambalo ndilo kiini cha hoja yao, ni la maneno yanayovuka mipaka ya masomo na kutumika zaidi katika maandishi kuliko katika mazungumzo. 'Photosynthesis' ni neno la tabaka la tatu. 'Process', 'require', 'release' na 'whereas', ambayo hulizunguka katika aya ileile, ni ya tabaka la pili.

Istilahi, kwa ugumu wake wote, ina bahati. Mwalimu wa Biolojia huiandika ubaoni, huipigia mstari, hutoa fasili yake, na huirudia katika jaribio. Zaidi ya hayo, mwanafunzi aliyesoma Sayansi darasa la sita au la saba amekwisha kukutana na dhana ya usanisinuru na mmeng'enyo wa chakula. Kinachobadilika ni jina tu. Maneno ya tabaka la pili hayapigiwi mstari na mtu yeyote. Mwalimu wa Biolojia huyaona kuwa ni kazi ya mwalimu wa Kiingereza, na mwalimu wa Kiingereza, mwenye muhtasari unaomtaka afundishe salamu, nyakati za vitenzi na barua, huyaona kuwa ni ya masomo mengine. Ni msamiati usio na mwenyewe.

Uzito wake unajulikana. Orodha ya Coxhead (2000) ina familia 570 za maneno, na familia hizo zilibeba takribani asilimia 10 ya maneno yote katika kongoo lake la matini za kitaaluma lenye maneno yapatayo milioni 3.5. Kwa kadirio la haraka, ni neno moja karibu katika kila mstari wa kitabu. Hata hivyo, orodha hiyo haifai kuhamishiwa kidato cha kwanza kama ilivyo, kwa sababu mbili. Kwanza, kongoo lake ni la chuo kikuu. Pili, na hili husahaulika, Coxhead aliyaondoa kwa makusudi maneno 2,000 ya orodha ya jumla ya West (1953), akichukulia kwamba msomaji anayajua tayari. 'Explain', 'describe', 'compare' na 'cause' yamo katika orodha ya West, kwa hiyo hayamo katika ya Coxhead. Kwa mwanafunzi wa Kisarawe au Sumbawanga hayo ndiyo maneno ya kitaaluma ya kuanzia. Mwalimu anayebandika ukutani orodha ya Coxhead pekee atakuwa ameanza na ghorofa ya pili.

3.0 Vitenzi vya maswali

Mahali ambapo tabaka hili hugharimu alama waziwazi ni katika vitenzi vinavyoelekeza jibu. Tuchukue mada moja ya Jiografia, hali ya hewa ya pwani ya Afrika Mashariki. Swali likianza na 'describe', mwanafunzi anatakiwa kusema kwamba kuna joto, unyevu mwingi, na misimu miwili ya mvua, masika na vuli. Likianza na 'account for', hayo yote hayahitajiki. Kinachotakiwa ni ukaribu na Bahari ya Hindi, pepo za kaskazi na kusi, na umbali mdogo kutoka ikweta. Mwanafunzi anayelijua neno 'account' kwa maana ya akaunti ya benki tu atachukua jina la mada, ataliacha lile kitenzi, na ataandika kila anachokumbuka. Msahihishaji ataona mwanafunzi asiyejua Jiografia. Huenda anaijua.

Kiswahili kinaingia hapa kwa namna mbili, moja ya kusaidia na nyingine ya kutatiza. Mwanafunzi amezoea taja, eleza, fafanua, linganisha na bainisha, na kila kimoja kina uzito wake. 'Taja' haidai maelezo. 'Linganisha' inadai vitu viwili au zaidi. Maarifa hayo ni mtaji. Tatizo ni 'eleza', kitenzi kinachofanya kazi ya 'describe', ya 'explain' na ya 'account for' kwa pamoja. Mwalimu anayesema darasani kwamba 'explain' maana yake ni eleza, na kesho yake kwamba 'describe' maana yake ni eleza, hajasema uongo, lakini amefuta tofauti ambayo swali limejengwa juu yake. Kiswahili hakikosi namna ya kuitenga tofauti hiyo: huitenga kwa kijalizo badala ya kitenzi. 'Eleza jinsi ilivyo' si 'eleza kwa nini iko hivyo'. Tafsiri inayofaa darasani, basi, ni ya kirai kizima. Kamusi ya lugha mbili, inayotoa kidahizo na visawe vyake, haiwezi kuifanya kazi hii kwa niaba ya mwalimu.

Jambo la namna hiyohiyo huonekana katika istilahi zilizovaa nguo za maneno ya kawaida. Katika mazungumzo 'nguvu' inabeba 'force', 'energy', 'power' na 'strength'. Kiswahili cha sayansi kina 'kani' kwa ile ya kwanza na 'nishati' kwa ile ya pili, na mwanafunzi aliyewahi kuelewa tofauti ya kani na nishati anahitaji kujifunza majina mapya mawili tu. Asiyewahi kuielewa anahitaji kujifunza dhana na majina kwa pamoja, katika lugha ambayo bado hajaimudu.

4.0 Unominishaji: utajiri usiotumika

Mbinu nyingi za kufundisha msamiati wa kitaaluma zilizoandikwa Marekani zimewalenga wanafunzi wanaozungumza Kihispania, na hutegemea maneno mnasaba: anayejua 'analizar' ana njia fupi ya kufika kwenye 'analyse'. Maneno mengi ya kitaaluma ya Kiingereza ni ya asili ya Kilatini na Kigiriki, ndiyo maana mbinu hiyo inafanya kazi. Kwa msemaji wa Kiswahili mlango huo umefungwa kwa sehemu kubwa. Msamiati wa fikra wa Kiswahili umetoka kwingine: nadharia, dhana, athari, tathmini na thibitisha zimetoka Kiarabu; linganisha, chambua na fafanua zimejengwa Kibantu. Kunakili mbinu za maneno mnasaba katika mafunzo ya walimu wa Tanzania ni kupoteza muda.

Lakini kuna mlango mwingine. Msemaji wa Kiswahili ana ujuzi wa kina, ingawa hajafundishwa kuutaja, kwamba kitenzi huzaa nomino kwa utaratibu, na kwamba katika kuzaa huko konsonanti ya mwisho ya mzizi inaweza kubadilika. Linda huzaa ulinzi, tunga huzaa utunzi, jenga huzaa mjenzi, fuata huzaa mfuasi, pika huzaa mpishi. Hakuna mtoto wa Kiswahili anayeshangaa kwamba mpishi anapika. Sasa zitazamwe jozi hizi: 'divide' na 'division', 'permit' na 'permission', 'music' na 'musician'. Kipasuo kimekuwa kikwamizi katika kila jozi, na katika ile ya mwisho /k/ imekuwa /ʃ/ sawasawa na katika pika na mpishi. Historia za mabadiliko hayo ni tofauti kabisa, kwani mengi ya yale ya Kiingereza yalikwisha kutokea katika Kilatini na Kifaransa. Kwa darasa la kidato cha kwanza hilo halina madhara. Linalohitajika ni mwanafunzi aache kuziona 'divide' na 'division' kuwa maneno mawili yasiyohusiana, na mfano wa kumshawishi tayari uko kinywani mwake.

Mfano huo una faida ya pili. Unominishaji ndio unaoyafanya maandishi ya kitaaluma yawe mazito. Halliday aliueleza chini ya dhana ya sitiari ya kisarufi, yaani tendo kuwasilishwa kana kwamba ni kitu. Sentensi ya kitabu cha sayansi inayosema 'The evaporation of water from the leaves results in the cooling of the plant' ina matukio mawili, lakini kitenzi chake kikuu si hili wala lile. Kiswahili cha kawaida kingesema: maji yanapogeuka mvuke na kutoka kwenye majani, mmea hupoa. Zoezi la kuifumua sentensi ya Kiingereza hadi ifike hapo, kisha kuifuma upya, linafundisha 'evaporation', 'result in' na 'cooling' kwa pigo moja, na kumwonesha mwanafunzi kwa nini mwandishi aliamua kuficha matendo ndani ya nomino. Zoezi la kunakili fasili ubaoni halifundishi lolote kati ya hayo.

5.0 Viunganishi

Viunganishi ni vifupi na huonekana vyepesi. 'Whereas' ina mwenzake, ilhali. 'Respectively' ina mtawalia, ingawa neno hili huenda likahitaji kufundishwa lenyewe. Kigumu zaidi ni 'unless'. Kiingereza huweka ukanushi ndani ya kiunganishi na kukiacha kitenzi katika uyakinishi; Kiswahili huuweka ndani ya kitenzi kwa kiambishi -sipo-. Sentensi yenye 'unless it is heated' ni, kwa Kiswahili, 'isipopashwa moto'. Mwanafunzi anayetafuta ukanushi katika kitenzi, kama lugha yake ilivyomfunza, hataukuta, na ataweza kuisoma kanuni ya Kemia kinyume chake. Dakika tano za kulinganisha miundo hiyo miwili ubaoni zingetosha. Huo ni uchambuzi linganishi wa kawaida, na mwalimu yeyote wa Kiswahili mwenye shahada anauweza.

6.0 Nani afundishe

Sentensi hiyo ya mwisho inaleta swali la mgawanyo wa kazi. Takribani kila kilichoelezwa hapo juu kinahitaji mtu anayeijua mofolojia ya Kiswahili na anayeweza kuizungumzia. Mtu huyo tayari yuko shuleni: ni mwalimu wa Kiswahili, anayefundisha uambishaji na unyambulishaji kwa mujibu wa muhtasari wake. Kwa kawaida hashirikishwi, kwa kuwa tatizo limeitwa tatizo la Kiingereza. Wakati huohuo, utafiti wa darasa la Tanzania umeonesha mara kwa mara kwamba walimu wa masomo mengine huchanganya Kiswahili na Kiingereza ili waeleweke, wengine wakifanya hivyo kwa woga, kana kwamba ni kosa. Kiswahili, basi, kimo darasani. Kinachokosekana ni matumizi yake yaliyopangwa.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa kwa uzito. Inaweza kudaiwa kwamba kutafuta mbinu bora za msamiati ni kuipa uhai sera ambayo wataalamu wengi wa isimu nchini wameipinga. Qorro, kwa mfano, ametetea kwa miaka mingi kwamba Kiingereza kifundishwe vizuri kama somo, na masomo mengine yafundishwe kwa lugha inayoeleweka. Hoja hiyo haijajibiwa na mbinu zilizopendekezwa hapa, wala haziwezi kuijibu: familia za maneno 570, hata zikifundishwa kwa ustadi, haziwi lugha. Lakini hata siku pendekezo la Qorro litakapotekelezwa, somo la Kiingereza litahitaji kufundisha 'account for' na 'unless', na somo la Kemia kwa Kiswahili litahitaji mwanafunzi anayetofautisha 'eleza jinsi' na 'eleza kwa nini'. Msamiati wa kitaaluma wa Kiswahili nao haujifundishi wenyewe. Mwanafunzi anayehitimu darasa la saba akiwa ameutumia kwa kuchagua A, B, C au D pekee hajaandika aya moja yenye 'ilhali' ndani yake.

Kazi inaweza kuanzia katika wiki za mwanzo za kidato cha kwanza, ambazo shule nyingi hutenga kwa kozi ya maandalizi ya Kiingereza. Aya moja halisi kutoka katika kitabu cha Biolojia au Jiografia, ikisomwa na walimu watatu, wa somo husika, wa Kiingereza na wa Kiswahili, ingetoa orodha ya maneno ya tabaka la kati yanayohitajika katika shule hiyo, muhula huo. Orodha hiyo ingekuwa fupi kuliko ya Coxhead, na mengi ndani yake yangekuwa ya West.