Je, Wajua? Singida Mjini, Zaidi ya Kuku wa Dirishani

Abiria wa basi la Mwanza huijua Singida kwa mikono inayonyanyua kuku na mafungu ya vitunguu hadi dirishani. Haya mengine hayaonekani ukiwa ndani ya basi.

Je, wajua kwamba dhahabu ya huku ilitengeneza fedha za vita? Wajerumani waliigundua Sekenke, upande wa Iramba, mwaka 1907, wakaanza kuichimba 1909. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, manowari za Waingereza zikaifunga pwani na sarafu kutoka Ujerumani zikakatika. Wajerumani wakageuza karakana ya reli karibu na Tabora kuwa kiwanda cha fedha. Mwaka 1916 wakatoa humo sarafu ya dhahabu ya rupia 15: tembo kainua mkonga, milima nyuma yake, na herufi T ya Tabora. Zilitoka 16,198 tu, kisha Septemba mwaka huohuo jeshi la Wabelgiji likauteka mji wa Tabora. Leo wakusanyaji wa sarafu hulipa maelfu ya dola kwa moja. Tabora ilipata herufi yake. Singida, iliyotoa mali, haikuachiwa hata nukta.

Na dhahabu haijaisha. Mgodi mpya wa Ikungi, wa kampuni ya Shanta, ulitoa dhahabu yake ya kwanza mwaka 2023.

Je, wajua kwamba reli ya Singida ni ya pili? Ya kwanza ilijengwa na Waingereza miaka ya 1930, kutoka Manyoni kupita Singida hadi Kinyangiri. Mizigo haikutosha, na miaka ya 1940 vyuma vikang'olewa. Mji ukakaa miongo kadhaa bila garimoshi kabla ya kujengewa njia ya sasa, kilomita 115 kutoka Manyoni, ambayo haifiki tena Kinyangiri.

Je, wajua kwamba kiwanda cha alizeti hakitupi kitu? Mbegu huingia kwenye mashine ya kukamulia, mafuta yakatoka huku na mashudu kule. Mashudu ni chakula cha ng'ombe na kuku, na mwenye mashine asiyeyapigia hesabu hafiki mbali. Mjini wapo wakubwa kama Mount Meru Millers, wenye mitambo ya kusafisha mafuta hadi yapoteze harufu, na wapo wadogo wengi wenye mashine moja na foleni ya magunia. Mimi nipeni ya hao wadogo, yenye harufu ya alizeti yenyewe.

Je, wajua kwamba umeme wa kwenda Kenya hupitia hapa? Njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa, yenye kilomita 670, hupita Dodoma na Singida hadi Shinyanga. Hapo Singida huchepuka nyingine ya kilomita 414, kupitia Babati na Arusha hadi Namanga. Kuhusu umeme wa upepo, ambao mji huu umeahidiwa kwa zaidi ya miaka kumi, mpaka sasa upepo wetu umejulikana zaidi kwa kupeperusha vumbi.

Je, wajua kwamba mji umekaa kati ya maziwa mawili ya chumvi, Singidani na Kindai? Maji huingia, hayana mto wa kutokea. Jua huyakausha na chumvi hubaki. Heroe huyapenda.

Mohammed Dewji, bilionea wa kampuni za MeTL, alizaliwa Singida mwaka 1975. Alikuwa mbunge wa Singida Mjini kuanzia 2005 hadi 2015.

Je, wajua kwamba uwanja wa mpira uliokuwa ukiitwa Namfua sasa unaitwa Liti? Ni jina la mwanamke shujaa wa Kinyaturu, ambaye masimulizi yanasema aliwapiga Wajerumani kwa kuwaachia nyuki. Kwa mkoa wenye asali kama ya Itigi, silaha haikuwa mbali.

Timu ya Singida United ilijiita Walima Alizeti. Mwaka 2018 walifika fainali ya Kombe la Shirikisho jijini Arusha, wakakutana na Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari. Mtibwa 3, Singida 2. Miwa ikaikamua alizeti.